Mguu wa Kuku Mdogo: Revolva Gani Inamfaa Mtu wa Kericho na Bomet?

Bonasi ya majani chai ikiingia, kila mtu huwa na mipango: ng'ombe wa gredi, mabati, pikipiki. Lakini kuna yule mwenye biashara Litein au Silibwet, anafunga duka usiku na ganji mfukoni, anauliza kwa sauti ya chini: nikipata leseni ya bunduki, nichukue gani? Wengi wanajua Ceska tu. Leo tucheki revolva ndogo, ile ya silinda inayozunguka, inayobebwa chini ya nguo.

Anza na karatasi

Bila cheti, hiyo kitu ni jela. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka kila raia mwenye bunduki awe na cheti, na kazi hiyo iko kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Utapigwa msasa, na lazima uwe na sababu ya maana ya kutaka silaha. Cheti kinataja bunduki yenyewe na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo, kwa hivyo huwezi kubadilisha kama simu. Na usidhani ukishapewa umemaliza: mwishoni mwa 2018 serikali iliamuru wenye leseni wote wakaguliwe upya.

Kwa nini revolva?

Haina magazini ya kukwama. Risasi moja ikikataa kulia, unavuta traiga tena na silinda inaleta nyingine. Ubaya wake ni kwamba njugu ni chache, 5 au 6, na traiga ni ngumu kuvuta.

Nne za kulinganisha

*Smith & Wesson 642.* Risasi 5 za .38 Special, uzito karibu gramu 410. Kinyundo chake kimefichwa ndani, kwa hivyo hakinasi kwenye jaketi nzito. Fremu ni ya aluminiamu, silinda ni chuma kisichoshika kutu.

*Ruger LCR.* Ilitoka 2009. Nayo ni risasi 5, kinyundo kimefichwa, na sehemu ya chini imetengenezwa kwa plastiki ngumu. Ya .38 ina takriban gramu 380, nyepesi kuliko zote hapa. Wengi huisifu kwa traiga laini.

*Colt Cobra.* Jina ni la tangu 1950, lakini hii mpya ilirudi sokoni 2017. Inabeba risasi 6, na uzito ni kama gramu 710. Kinyundo kiko nje, kinaweza kunasa kwenye nguo ukiitoa kwa haraka.

*Ruger SP101.* Chuma kitupu, risasi 5, zaidi ya gramu 700. Ile ya .357 Magnum inakubali pia .38 Special, kwa hivyo unaweza kufanya mazoezi na risasi isiyo kali sana.

Zote zina mtutu wa kama inchi 2, kwa hivyo kulenga mbali ni noma.

Hapa ndipo watu hukosea

Dukani, nyepesi ndiyo hupendwa. Unaishika, unaona hata mfukoni haitasikika. Lakini bunduki nyepesi inapiga teke kali. Ukifyatua LCR mara 20 kwenye uwanja wa shabaha, mkono unauma na hutaki kurudi. Usipofanya mazoezi, siku ya shida risasi inaenda kwa jirani au kwa mtu wa boda anayepita. Ile nzito inachosha kiuno, lakini inatulia mkononi. Kama wewe ni mgeni kwa bunduki, anza na SP101 au Cobra ukitumia .38. Kama umezoea na unavaa jaketi mwaka mzima, 642 iko sawa.

Kumbuka pia mvua yetu. Kericho hukaa na unyevu, na jasho la mwili huongeza. Revolva za zamani za chuma cheusi hushika kutu haraka. Hata hizi za kisasa, zifute na uzipake mafuta kila ukinyeshewa.

Ukifika keja

Revolva nyingi, pamoja na hizi nne, hazina kile kitufe cha usalama cha pembeni. Mtoto akiipata ikiwa na risasi, ni kuvuta tu. Nunua sefu kabla ya bunduki.

Na pombe? Mnakumbuka Januari 2020, DJ Evolve alipigwa risasi shingoni ndani ya klabu Kilimani, Nairobi. Sekunde moja, na maisha ya kijana yakabadilika kabisa. Ukienda kujivinjari, iache kwa sefu.

Kwa hivyo kabla hujauliza "ni gani?", jiulize maswali mawili: nitafanya mazoezi wapi, na nitaifungia wapi? Kama huna jibu, weka mauzo kwa M-Pesa, funga duka mapema, na utembee na wenzako. Hiyo haihitaji leseni.