"Fifteen" au "fifty"? Mkazo unavyoweza kukugharimu

Wanaojifunza Kiingereza wengi huhangaika na "th". Sisi tunaona namba ndizo hatari zaidi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ba-RA-ba, mku-LI-ma. Tukiuhamishia mkazo huo kwenye "fifteen", tunatamka FIF-tin, na mnunuzi mgeni kwenye simu anasikia "fifty". Ulitaja magunia 15, yeye ameandika 50!

"Fifteen" ikitamkwa peke yake, mkazo uko mwishoni: fif-TIIN. Vuta sauti hiyo, na "n" isikike. "Fifty" huanza kwa nguvu, ikaishia fupi: FIF-ti. Ni vilevile kwa 13 na 30, hadi 19 na 90. Simu ikikwaruza, taja tarakimu moja moja: "one, five".