Mashetani wa Lilanga: mwana wa Masasi aliyeuzwa Ulaya, akasahaulika kwao

Juni 27, 2025 ilitimia miaka 20 tangu msanii George Lilanga afariki dunia. Alizaliwa mwaka 1934 wilayani Masasi. Leo kazi zake zinanadiwa Ulaya, huku vijana wengi wa kwao hata jina lake hawalijui. Inauma.

Wagiriki wa kale walimsimulia Circe, mchawi aliyewageuza mabaharia nguruwe, na wachoraji wa Ulaya wamemchapa kwenye karatasi karne kwa karne. Wamakonde, watu wa Lilanga, nao wana mashetani wao, wake kwa waume: masikio mapana, midomo iliyobenuka, vidole vya kuhesabika. Mchongaji Samaki Likankoa aliwatoa kwenye mpingo miaka ya 1950. Lilanga akawafikisha kwenye karatasi.

Utotoni alichonga mihogo, kisha mbao ngumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Dar es Salaam kutafuta riziki. Mjomba wake, Augustino Malaba, alikuwa msanii wa Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa na Sista Jean Pruitt, naye akamtafutia kibarua. Kilichopatikana ni ulinzi wa usiku. Fundi mzima akawa analinda karakana ya mafundi wenzake! Kazi zake zilipoonekana, akaingizwa ndani.

Humo alikuta batiki, rangi na uchapaji wa mabamba. Bamba la chuma hupakwa nta, likachorwa kwa sindano; asidi ikala pale palipokwaruzwa. Kisha hupakwa wino, likafutwa, wino ukabaki kwenye mifereji tu. Karatasi yenye unyevu hulazwa juu yake na kupitishwa kwenye mashine ya kuchapia. Mkono uliozoea patasi haukupata shida na sindano. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington.

Baadaye kisukari kilimpotezea miguu. Aliendelea kuchora akisaidiwa na vijana aliowafundisha, na hapo ndipo ubishi ulipozuka: picha ipi ni ya Lilanga, ipi ya wanafunzi? Wanunuzi wanabishana hadi leo kwa sababu jina ni fedha. Kwangu, hoja hiyo haimpunguzii kitu. Nenda kwenye vibanda vya wachongaji vya Mwenge, Dar es Salaam: mzee huanza gogo, kijana akalisugua, na hakuna anayeuliza nani kamaliza.

La kuhangaikia ni karatasi zenyewe. Unyevu wa pwani na mchwa havijui thamani ya sahihi. Wizara inayohusika na utamaduni izinunue chapa zilizobaki mikononi mwa watu hapa nchini, na baadhi zipelekwe Masasi, zitundikwe mahali ambapo mtoto wa shule ataingia bila kiingilio.