TEACCH

TEACCH ni mfumo wa kuwafundisha watu wenye usonji stadi za kufikiri na kujitegemea, ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani. Mwasisi wake, mwanasaikolojia Eric Schopler (1927–2006), aliuanza miaka ya 1960 akiwa na Robert Reichler. Mwaka 1972 bunge la jimbo likaufanya mpango wa jimbo zima. Zama hizo akina mama walilaumiwa kwamba ubaridi wao ndio uliosababisha usonji. Schopler alilipinga dai hilo la kikatili, akawafanya wazazi kuwa walimu wenza.

Watu wengi wenye usonji hushika upesi zaidi kinachoonekana kuliko kinachosemwa. Kwa hiyo ratiba ya siku hubandikwa ukutani kwa picha, na kazi hupangwa mezani kutoka kushoto kwenda kulia. Mtoto huchukua kikapu cha kwanza, hutenga vifungo vyekundu na vya buluu katika vikopo viwili, kisha hukiweka kikapu kwenye sanduku la kazi zilizokwisha. Bila kuambiwa neno, anajua afanye nini, kwa kiasi gani, itaisha lini na kinachofuata ni kipi. Hivyo hujizoeza kupanga, kukumbuka hatua na kuhama kutoka shughuli moja hadi nyingine, jambo ambalo huwatesa wengi wao. Asiyeelewa picha huonyeshwa kitu chenyewe, mathalani kijiko kumaanisha chakula. Ajuaye kusoma hupewa orodha ya maandishi. Mfumo huu hauponyi usonji, wala haukukusudiwa kuuponya.