Msamaha na Haki Chini ya Kilima cha Mengo

Katwe, mtaa wa mafundi chuma wa Kampala, umekaa chini ya kilima cha Mengo, yalipokuwa makao ya Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda. Upande wa kaskazini kuna bonde la Nakivubo, ambako Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Alikuwa mkuu wa vijana waliomtumikia Kabaka ndani ya kasri. Kosa lake lilikuwa kusema: alimlaumu Mwanga kwa kuamuru Askofu James Hannington auawe huko Busoga mwezi uliotangulia, tena aliwakinga vijana wake na matamanio ya Kabaka. Hannington alikuwa Mwanglikana, Balikuddembe Mkatoliki. Hilo halikumfunga mdomo.

Simulizi za Wakristo wa Buganda zinasema kwamba kabla ya kukatwa kichwa alituma ujumbe kwa Kabaka. Mwanga amemhukumu bila haki, naye anamsamehe kwa moyo wote. Lakini na atubu, la sivyo Balikuddembe atamshtaki mbele ya Mungu. Msamaha na mashtaka vilitoka katika kinywa kimoja, wala kimoja hakikufuta kingine. Aliacha kisasi, hakukubali kwamba aliyotendewa yalikuwa halali. Mwanga alielewa. Yasemekana aliagiza mtu mwingine auawe na majivu yao yachanganywe, ili marehemu asiweze kumshtaki. Huyo wa pili hatajwi miongoni mwa mashahidi wa imani, na dhuluma aliyotendewa ni nzito vilevile.

Mwaka uliofuata waliuawa Wakristo wengine wengi, hasa huko Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mwanga alipopinduliwa mwaka 1888, Wakristo ndio waliopigana kumrudisha kitini mwaka 1889. Ni vigumu kuuita huo msamaha mtupu: walihitaji mfalme, na damu ya wenzao ikabaki bila baraza wala fidia. Mwanga alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903, akiwa amebatizwa Danieli, bila kushtakiwa kwa vifo hivyo.

Sharti la toba alilolitoa Balikuddembe lilirudi kwa nguvu miaka ya 1930 kupitia Balokole, uamsho uliochochewa na Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church baada ya kukutana Kampala mwaka 1929. Mlokole, yaani mfuasi wa uamsho huo, alitakiwa kukiri hadharani, kisha kumrudishia mwenyewe alichomwibia au kumlipa deni lake. Hapo aliyekosewa alipata haki yake mkononi, jambo ambalo jamaa za waliouawa na Mwanga hawakulipata kamwe.