Ng'ombe kwenye daftari

Mwaka 1967 Denmark na jirani zake wa Nordiki walianza kuvisaidia vyama vya ushirika vya Kenya, na hesabu za ushirika zikaja na msamiati wake. Kuna neno la Kidenmaki, besætning, ambalo ni mtego kwa mfasiri. Kwa mfugaji ni ng'ombe wake wote. Kwa nahodha ni mabaharia wa meli. Kwa Kiingereza huweza kuwa stock, nalo hilo kwa mhasibu ni bidhaa za dukani, ama hata hisa. Hapo ng'ombe keshapotea.

Nenda Kiserian, karibu na machinjio. Mchuuzi ameleta maksai, amewanunua ili awauze juma hili hili. Hao ni bidhaa. Jirani yake ana mitamba anaowasubiri wazae na watoe maziwa miaka mingi. Hao ni rasilimali, neno tulilolichukua kwa Waarabu, maana yake kichwa cha mali. (Tunahesabu ng'ombe kwa vichwa, basi Waarabu hawakukosea.) Kwenye mizania wanyama hawa hawakai mstari mmoja, hata kama wote wana pembe.

Kuandika "mifugo" tu ni uvivu, na benki ikisoma hivyo haijui nini cha kuuzwa na nini cha kudumu. Wafasiri na makatibu wa vyama, andikeni mifugo ya kuuza na mifugo ya kufuga. Ni maneno machache tu ya ziada.