Kupanda si kazi, kazi ni kutulia

Zege lililowekwa mezani hutobolewa na fundi yeyote. Likiwa ukuta wa shimo la lifti, ghorofa kadhaa kutoka chini, mambo hubadilika: ukuta hauhami, basi mashine ndiyo hulazimika kuufuata.

Suala la kupanda lilipata majibu mapema. Mwaka 1854, kwenye maonyesho ya Crystal Palace mjini New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoning'inizwa kwa kamba, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu likanasa. Springi iliyokuwa imepindwa na mvuto wa kamba ilijinyoosha, ncha zake zikaingia kwenye meno ya reli za pembeni. Mwaka 1880 huko Mannheim, Ujerumani, Werner von Siemens akaonyesha lifti ya umeme iliyopanda kwa gurudumu la meno.

Lakini kubeba watu na kuchonga ukuta ni kazi mbili tofauti. Keekee ikisukuma ukuta, ukuta nao huisukuma keekee. Jukwaa linaloning'inia litayumba, na tundu litakwenda kombo.

Mwaka 2002, Jürg Lehni na Uli Franke waliunda Hektor huko Uswisi: mota mbili juu ya ukuta, mikanda yenye meno, na kopo la rangi ya kupuliza likining'inia katikati. Mota zikivuta na kulegeza mikanda kwa zamu, kopo huenda popote ukutani na kuchora. Ni ubunifu ninaoupenda kwa wepesi wake, nao ulifaa kwa sababu rangi hugusa ukuta bila kuusukuma. Ukiweka keekee mahali pa kopo, mpango wote unaharibika.

Kwa keekee, jibu ninaloliona bora ni roboti R.I.S.E ya kampuni ya Schindler, iliyoendelezwa pamoja na chuo kikuu cha ETH Zurich. Winchi huipandisha ndani ya shimo. Ikifika, hujibana kwanza kati ya kuta hadi itulie kabisa, kisha hupima uso wa zege na kutafuta nondo zilizofichika ili isizikate. Hapo ndipo hutoboa na kupachika bolti za kushikilia reli za lifti. Kazi hiyo mafundi walikuwa wakiifanya kwa mikono, tundu baada ya tundu, wakibeba uzito wa keekee na kuvuta vumbi la zege mapafuni.