Nimonia ya watoto wa farasi yazidi kuwa sugu kwa dawa

Rhodococcus equi ni bakteria anayeishi katika udongo na kinyesi cha farasi, naye ni miongoni mwa visababishi vikuu vya nimonia kali kwa watoto wa farasi duniani. Alitambuliwa nchini Sweden mwaka 1923.

Mtoto wa farasi huambukizwa kwa kuvuta vumbi lenye bakteria hao, mara nyingi katika siku za mwanzo za uhai wake. Bakteria huingia ndani ya chembe za kinga ambazo kazi yake ni kuwaangamiza, wakazaliana humo na kusababisha majipu mapafuni. Homa, kikohozi na kupumua kwa shida huonekana zaidi kati ya umri wa wiki tatu na miezi sita, wakati mapafu yamekwisha kudhurika. Farasi wakubwa huugua kwa nadra.

Tiba iliyozoeleka ni rifampisini pamoja na dawa ya jamii ya erithromaisini, kwa wiki kadhaa. Katika jimbo la Kentucky, Marekani, baadhi ya wafugaji waliwapima wanyama hao kwa altrasaundi na kuwapa dawa hata waliokuwa na majipu madogo bila dalili. Baadaye bakteria sugu waliongezeka, ilhali watafiti wamebaini kwamba wengi wenye majipu madogo hupona bila dawa.

Suala hilo haliishii zizini. Rifampisini ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu kwa binadamu, na bakteria huyo huweza kuwaambukiza watu wenye kinga dhaifu, wakiwemo wanaoishi na VVU.